Mbayuwayu Aliyekimbia Miti



Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie ndege. Nilipoisoma nilijua mnachotarajia. Mtu akisimama Morogoro kuzungumzia ndege, wasikilizaji huinua macho kuelekea kilele cha Lupanga na kusubiri habari za msituni: yule ndege wa kijani na manjano mwenye kofia nyeusi, Malaconotus alius, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1927 na ambaye duniani kote hapatikani ila Uluguru. Habari zake ni nzuri na zina wasimulizi wengi. Mji huu unajua kujivunia wanyama wake. Hata panya wetu wamepata umaarufu duniani kwa kunusa mabomu ya ardhini. Kwa hiyo leo niruhusuni niwachukue mbali kidogo na msitu. Nataka kuzungumzia ndege ambaye msitu ukimfikia anakufa au anahama, na nataka kumzungumzia hapa hapa, katika mji ambao kwa zaidi ya miaka 50 umekuwa ukifundisha Watanzania kupanda miti.

Ndege mwenyewe ni mbayuwayu. Msimfikirie yule mnayemwona Novemba amepanga mstari kwenye nyaya za umeme pale Msamvu, koo jekundu, tumbo la maziwa. Huyo ni mbayuwayu wa Ulaya, anatukimbilia baridi ya kwao ikianza na kurudi huko kuzaa. Ninayemsema anaitwa kwa Kilatini Hirundo atrocaerulea, jina alilopewa na Msweden Sundevall mwaka 1850, maana yake mbayuwayu wa buluu nyeusi. Nitamwita mbayuwayu buluu.

Ukimwona kwa mbali utasema ni mweusi, na utakuwa umekosea kwa sababu ya mawingu. Jua likipenya kidogo, mgongo wake unawaka buluu nzito kama wino uliomwagika juu ya bati. Hana koo jekundu, hana tumbo jeupe. Ni rangi moja kuanzia kichwani mpaka mkiani. Dume ana nyuzi mbili za mkia, nyembamba na ndefu, zinazofuata nyuma yake kama kamba ya tiara. Jike anazo pia, ila fupi. Na wote wawili wameficha kitu kimoja ubavuni, chini ya bawa: manyoya machache meupe, ambayo huyaoni mpaka ndege ajigeuze au ajinyooshe. Uzito wake haufiki gramu 20. Weka vijiko vinne vya chai vya sukari kiganjani na umemzidishia.

Chakula chake ni wadudu wadogo warukao, nzi hasa, na anawakamata hewani. Lakini tofauti na mbayuwayu wengine wanaopanda juu, huyu anaruka chini, kimo cha goti, kimo cha kiuno, akifuata mikunjo ya ardhi: anashuka bondeni, anapita juu ya kinamasi, anapanda mteremko wa pili, anageuka. Ukungu unapoziba kila kitu hata ng'ombe wakawa vivuli, yeye yumo humo ndani anaendelea na kazi. Kwa hiyo anataka mahali pa namna ya pekee. Anataka nyasi fupi za milimani, mvua nyingi, vibonde vyenye maji, na nafasi isiyokatizwa na mti.

Mahali pa namna hiyo ni pachache. Afrika Kusini, Eswatini, Zimbabwe kule Nyanga, Msumbiji, Malawi kwenye uwanda wa Nyika, Zambia, kusini mwa Kongo, na kwetu Nyanda za Juu Kusini: Kitulo, Mufindi, Njombe, Ufipa. Hapo ndipo anapozaa. Ukizichora sehemu hizo kwenye ramani utaona visiwa, vilima vyenye nyasi vilivyozungukwa na bahari ya nchi ya joto. Dunia nzima ndege hawa wanahesabiwa kwa maelfu machache tu. Afrika Kusini, walikochunguzwa zaidi kuliko kwingine kokote, hawafiki jozi 100.

Sasa tuangalie kalenda yake, kwani hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya. Tumezoea kusema ndege wahamao ni wageni kutoka Ulaya. Huyu hajawahi kuiona Ulaya. Anafika Nyanda za Juu Kusini mnamo Septemba, majivu ya mioto ya kiangazi yakiwa bado yanapeperuka, anazaa mvua zote, na Aprili anaondoka kuelekea kaskazini. Yaani wakati yule wa kwenye nyaya za Msamvu yuko hapa mapumzikoni, huyu yuko kazini, ana watoto. Na wakati Makete inapoganda kwa umande mweupe wa Juni, yeye yuko kandokando ya Ziwa Victoria: Sango Bay upande wa Uganda, jirani kabisa na Minziro kwetu Kagera, nyasi za magharibi ya Kenya, na hata mbali na ziwa, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kutoka Kitulo hadi Sango Bay ni kiasi cha kilomita 900. Wale wa Afrika Kusini wanasafiri zaidi ya 3,000. Hahitaji pasipoti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kila serikali anayoivuka ina namna yake ya kumkosea.

Kenya wana bonde linaloitwa Lambwe, Homa Bay, ambamo imo Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Zile nyasi zilibaki kwa sababu moja ambayo hakuna mhifadhi anayependa kuitamka kwenye hotuba: mbung'o. Bonde lilijaa mbung'o na malale, watu wakalikwepa, na nyasi zikapona. Lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na leo mbayuwayu buluu anakuja kupumzika pale kila mwaka. Simwombei mtu yeyote mbung'o. Nasema tu kwamba mara nyingi tulichokihifadhi ni kile tulichoshindwa kukitumia, na halafu tukajipongeza.

Naja kwenye kiota, maana ndicho kilichonileta mbele yenu.

Mbayuwayu wengi wamejifunza kukaa na sisi. Wanabandika udongo chini ya madaraja, kwenye kenchi za madarasa, kwenye baraza la msikiti. Huyu hakukubali. Yeye anazaa chini ya ardhi. Anatafuta shimo lililochimbwa na mwingine, hasa shimo la muhanga, anaingia mita moja au zaidi gizani, na kule ndani, kwenye dari, anabandika nusu bakuli ya matope yaliyochanganywa na majani makavu. Ndani anatandika nywele na manyoya. Mayai kwa kawaida ni matatu, meupe yenye madoa ya kahawia. Baba na mama wanalisha, na mara nyingine ndege wazima wengine huja kuwasaidia, mambo ya shangazi na mjomba. Shimo likiwafaa hulirudia mwaka unaofuata. Kule Kaapsehoop, Afrika Kusini, wamekutwa wakizaa kwenye mashimo ya wachimba dhahabu wa karne ya 19. Wachimbaji walikwenda zao na tamaa yao, mashimo wakawaachia ndege.

Kwa hiyo mbayuwayu huyu anamtegemea muhanga, na muhanga anategemea mchwa na sisimizi, na mchwa wanategemea nyasi. Muhanga mwenyewe wengi wenu hamjamwona, ingawa mmeanguka kwenye mashimo yake. Ni mnyama wa usiku, masikio ya punda, pua ya nguruwe, mkia wa kangaruu, kana kwamba aliumbwa kwa mabaki. Anachimba usiku mmoja shimo ambalo kibarua wangu angelipwa siku mbili. Akihama, nungunungu anaingia, ngiri anaingia, nyoka anaingia, na kule milimani anaingia huyu mwenye gramu zisizofika 20. Kila muhanga anayeishia kwenye sufuria ni fundi wa nyumba aliyepungua. Hilo sikulijua nilipokuwa na miaka 24.

Nikiwa na miaka hiyo nilipelekwa Nyanda za Juu Kusini kwenye mradi mmoja wa kupanda misindano. Sitautaja, waliokuwamo wengi wametangulia mbele ya haki, na kosa nitakalolieleza ni langu. Nilitoka chuoni cheti kikiwa bado kinanuka wino. Vibarua waliniita Bwana Miti, sijui kwa heshima au kwa dhihaka, na kila alfajiri nilijifunza upya kuitikia salamu ya "kamwene" bila kung'ata ulimi. Kazi ilikuwa kupiga vigingi kwenye mteremko wa nyasi, mita 3 kwa mita 3, kuchimba vishimo, kushusha miche kutoka kwenye viriba. Na kazi nyingine, iliyoandikwa kwenye maelekezo kwa sentensi moja tu: mashimo yote ya wanyama yafukiwe, yasije yakavunja miguu ya watu wala magurudumu ya matrekta.

Ilikuwa Novemba. Tulifika kwenye ukingo wa kibonde, na ndege mweusi akatoka ardhini, karibu kabisa na mguu wangu. Nilidhani popo. Nikachukua tochi, nikalala kifudifudi, nikachungulia. Darini mwa shimo palikuwa na kile kibakuli cha matope, kimebandikwa kama sikio ukutani, na ukingoni mwake vidomo vitatu vya manjano vilivyofunguka viliposikia mchanga unadondoka. Kilikuwa kimetandikwa manyoya meupe, ya kuku nadhani, yaliyookotwa kijijini zaidi ya kilomita mbili kutoka pale. Mzee mmoja kati ya vibarua akasema, "Mwanangu, hilo liache, lina wenyewe." Nikasema, "Sawa, Mzee, tutaliacha mpaka wiki ijayo." Alhamisi wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Jumatano jioni nililiangalia lile shimo pekee lililobaki wazi kwenye mteremko mzima, nikaona litakavyoonekana kwenye ripoti, nikaagiza lifukiwe. Majembe matatu yalitosha.

Wale ndege wazima wawili, dume na jike, walirudi na chakula mdomoni. Walizunguka palepale, kimo cha goti, wakipita juu ya udongo mbichi, wakipanda, wakishuka, wakipita tena. Giza lilipoingia walikuwa bado wanazunguka. Ijumaa alibaki mmoja. Jumamosi hakuna. Ukaguzi ulikwenda vizuri, niliandikwa kuwa kijana mwenye bidii. Jina la ndege yule nililijua miaka mingi baadaye, nilipofungua kitabu cha mtu mwingine na kuona mchoro wake, mkia ule, buluu ile.

Sikuwa mtu mbaya, na waliotutuma hawakuwa watu wabaya. Nchi ilihitaji mbao, nguzo na karatasi. Wakoloni walishaanza: kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949, ikafunika vilima kwa miwati ili magome yake yatoe dawa ya kulainishia ngozi. Sao Hill pale Mufindi ilikua mpaka ikawa shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, zaidi ya hekta laki moja kwa hesabu ya eneo lake, sehemu kubwa ikiwa ni msindano wa Meksiko, Pinus patula, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikajengwa kuila miti ile. Baadaye ikaja biashara ya hewa ukaa. Uchindile, ambayo iko mkoa huu huu wa Morogoro, kampuni ya Norwei ya Green Resources ilianza kupanda misindano na mikaratusi kwenye nyasi miaka ya 1990. Na siku hizi wakulima wenyewe Njombe, Makete na Mufindi wanapanda kwenye vishamba vyao, na mtoto wa mtu anakwenda chuo kikuu kwa bei ya misindano 200. Nani atasimama mbele ya mama huyo amwambie ang'oe?

Ninachogomba nacho ni neno. Katika mafaili yetu nyasi hizo ziliitwa "ardhi tupu". Wakati mwingine "ardhi isiyotumika", na tukitaka kuonyesha usomi, "eneo lililoharibika". Kiswahili kina mbuga, kina nyika, kina uwanda, kina pori, mababu walitofautisha vizuri kabisa. Sisi wa ofisini tukayafuta yote tukaandika "tupu". Tulifundishwa kwamba zamani kila mlima ulikuwa msitu, binadamu akaja na moto, ikabaki nyasi. Basi kupanda mti ni kurudisha haki ya Mungu. Na ukishaamini hivyo, mti wowote unafaa, hata wa Meksiko.

Hadithi hiyo ina ukweli wake. Watu wamechoma misitu, na Waluguru walio humu ndani wanajua vizuri kuliko mimi mteremko upi ulikuwa msitu enzi za bibi zao. Lakini pandeni hapo juu, mpite mashamba ya ndizi na viazi, mpite msitu wenye ukungu, mpaka Lukwangule. Ghafla msitu unakatika kama umekatwa kwa kisu, na mbele yenu, juu ya mita 2,400, kuna uwanda wa nyasi na vinamasi. Kule kuna lobelia inayobeba jina la uwanda wenyewe, Lobelia lukwangulensis. Mmea haupewi muda wa kujitofautisha na ndugu zake katika nyasi za juzi.

Na kule juu kuna kinamasi kinachoitwa Deva-Deva. Watafiti walichoma bomba kwenye matope yake, wakatoa mhimili wa udongo ambao tabaka zake za chini zina umri wa kiasi cha miaka 48,000, wakahesabu chembe za chavua na vipande vya mkaa tabaka kwa tabaka. Walichapisha matokeo mwaka 2009. Msitu wa Uluguru, walisema, haukubadilika sana muda wote huo, hata dunia ilipokuwa na baridi kali na barafu imefunika kaskazini mwa Ulaya. Kuhusu nyasi na vipande vya msitu vilivyochanganyika kule juu, moto na panga la binadamu vilichangia, lakini kwa kiasi, kwa sababu mlima wenyewe haupandiki kirahisi. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Halinipendelei mimi wa nyasi wala halimpendelei mwalimu wangu wa zamani aliyenifundisha kwamba kila mlima ulikuwa msitu. Linasema tu kwamba nyasi na msitu vimeishi pamoja ubavu kwa ubavu muda mrefu, kila kimoja kikijua mpaka wake, kabla hatujaja na viriba.

Mtu ataniuliza: ndege mmoja mdogo, tena wa Makete, anatuhusu nini sisi tunaokunywa maji ya Uluguru? Swali zuri, hasa kwa kuwa Ruvu inaanzia hapo juu na sehemu kubwa ya Dar es Salaam inaisubiri kwenye bomba. Nitajibu kwa kisa kimoja cha Afrika Kusini, mkoa wa Mpumalanga, mahali panapoitwa Mokobulaan. Huko walitenga vibonde vya nyasi vyenye vijito, wakavipima maji kwa miaka, halafu wakapanda miti makusudi waone kitakachotokea. Kibonde cha kwanza walipanda mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka. Sisemi kilipungua. Kilikauka. Kibonde cha pili walipanda mwaka 1971, msindano ule ule wa Sao Hill, Pinus patula. Chenyewe kikakauka mwaka wa kumi na mbili. Mikaratusi ilipofikisha miaka 16 wakaikata yote. Mnajua maji yalirudi lini sawasawa? Baada ya miaka mitano mingine. Mizizi ilikuwa imekunywa mpaka akiba ya chini, na mlima ulilazimika kwanza kulipa deni lake kabla ya kutoa tone.

Nyasi za milimani hazifanyi hivyo. Kiangazi zinalala, zinakauka juu, hazivuti maji. Mvua ikinyesha zinapokea, kinamasi kinashika, kijito kinapewa kidogo kidogo mpaka Oktoba. Msindano haulali. Upo macho mwaka mzima na kiu yake. Afrika Kusini walianza kudai kibali cha kupanda miti tangu mwaka 1972, na sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inaihesabu misitu ya kupandwa kuwa ni matumizi ya maji yanayopunguza mito, sawa na mtu aliyechukua pampu. Kumbe kile kibonde chenye kinamasi ambacho mbayuwayu anakipita kimo cha goti kila dakika kumi, akikusanya nzi, ndicho hicho hicho kinachoshika maji. Anapotoweka ndege, mimi kama mtu wa misitu ningekwenda kupima kijito.

Msitu wa asili nimeuacha kando kwa makusudi. Mtu asitoke hapa akasema mzee kasema tukate Uluguru. Msitu wa asili wa Uluguru ni kitu kingine kabisa, na nikisikia panga linalia kule Bondwa mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Ninachosema ni kwamba kila mwaka, siku ya taifa ya kupanda miti, tunatoka na miche na kamera na kaulimbiu, na swali la kwanza lingepaswa kuwa: hapa pana nini tayari? Kama jibu ni shamba lililochoka, au mteremko ulionyang'anywa msitu wake, panda, nitakushikia jembe. Kama jibu ni nyasi zenye vinamasi juu ya mita 2,000, rudi nyumbani na mche wako. Nimeshawahi kusema hivi mbele ya kiongozi mmoja siku hiyo hiyo, koleo lake likiwa limeshapakwa rangi. Sikualikwa mwaka uliofuata.

Kuna yanayofanyika. Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, na sababu kubwa ilikuwa maua, si wanyama wakubwa. Wenyeji wameiita Bustani ya Mungu siku nyingi. Kabla ya hapo mizizi ya okidi ilikuwa inachimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kwenda kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mbayuwayu buluu anazaa humo, na huko angalau hakuna atakayemletea kiriba. Katika mkataba wa kimataifa wa viumbe wahamao, ambao Tanzania ni mwanachama, amewekwa kwenye orodha ya kwanza, ya wanaotakiwa kulindwa kabisa. Karatasi nzuri. Lakini wengi hawaishi Kitulo. Wanaishi kwenye ardhi ya vijiji, katikati ya shamba la viazi na shamba la misindano la mjomba wa mtu, na huko karatasi haifiki.

Kinachofika huko ni bwana misitu. Vijana wa misitu, huyo ni wewe miaka miwili ijayo. Na yako mambo ya kawaida kabisa unayoweza kuyafanya bila kuomba fedha kwa mtu. Unapopima shamba la miti, acha kibonde na kingo zake. Kipande hicho hakikupi mbao nzuri hata hivyo, miti ya kinamasi inaoza miguu. Moto wa kusafisha nyasi uchomwe mapema, Juni au Julai, nyasi zichipue kabla ndege hawajafika. Moto wa Oktoba unamkuta mwenye nyumba ndani. Na ukikuta shimo la muhanga, usilifukie. Lizungushie vigingi vinne na kamba, matrekta yatalikwepa. Nimefanya hesabu: gharama yake ni chini ya soda moja.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama nimewahi kurudi kwenye mteremko ule. Nimerudi. Misindano yangu ilishavunwa mara moja na kupandwa tena. Ilikuwa na kimo cha ghorofa tatu, mistari imenyooka, kazi nzuri. Chini yake palikuwa na sindano kavu za kahawia na kimya. Nilitafuta ule ukingo wa kibonde nikaukosa. Kibonde chenyewe niliking'amua kwa daraja la barabara lililobaki bila kijito.

Kwa hiyo wanaotaka kumwona nawaelekeza Kitulo. Nendeni mwishoni mwa Novemba, maua yameanza kufunguka. Vaeni makoti, baridi ya Matamba haijali kwamba mmetoka Morogoro. Tafuteni mteremko wenye kinamasi chini yake, kaeni chini kabisa, migongo ikielekea upepo unakotoka, na msiangalie juu. Kosa la kila mtu ni kuangalia juu. Angalieni usawa wa magoti yenu, pale ukungu unapogusa nyasi. Atakuja bila sauti kubwa, kama kitu kilichorushwa. Akigeuka utaona weupe ubavuni, mara moja tu. Halafu ataelekea kwenye ukingo wa udongo ambao wewe hukuona kitu chochote, na ataingia ardhini. Usimfuate, wala usiwashe tochi. Hesabu dakika. Atatoka.